"Ni munyo tu": Tuchambue jibu moja la sokoni

Wahitimu wenzangu, ba yaya na ba dada, hapa tumezoea kuchambua vitabu, hotuba za wakubwa na nyimbo. Leo naomba tuchambue sentensi ya maneno matatu. Kila mtu anayenunua bitoyo ao makayabu huku Lubumbashi ameshaisikia, iwe soko ya Kenya, iwe Njanja, iwe soko Mzee Kabila. Unainua samaki, unaona kitu cheupe juu ya ngozi, unauliza. Jibu linafika mbele hujamaliza swali: "Ni munyo tu, mama. Ukiosha inatoka."

Sentensi hii inafanya kazi kubwa kuliko hotuba nyingi. Inauzisha mali, inatuliza mteja, na inaamua watoto watakula bukari na nini usiku. Tena, mara nyingi ni ya kweli kabisa. Ingekuwa uongo siku zote, tungeshaiacha zamani.

Kuko pia jibu la upande wa pili, na hilo ni letu sisi wenye diploma. Tunatazama ule weupe toka mbali, tunakunja pua, tunasema: "Hiyo ni kuvu, tupa yote, hawa ba mama wanatuua." Jibu hili nalo halikuchunguza kitu. Mmoja anasema munyo bila kutazama, mwingine anasema kuvu bila kutazama. Nitachambua majibu yote mawili, lakini nitaanza na la mama sababu yeye ndiye anayekuwa na mtaji mezani.

Kwanza neno "munyo". Samaki wa Luapula na wa Ziwa Mweru wanakuja mjini kwa njia ya Kasenga tangu wakati wa mkoloni. Walilisha wafanyakazi wa Union Minière wakati mji ukiitwa Elisabethville, na wafanyabiashara Wagiriki waliokaa Kasenga walijulikana sana kwa biashara hiyo. Barafu ilibeba samaki wabichi. Wengine walipita kwa moshi, kwa jua, ao kwa munyo. Kutoka Kasenga mpaka hapa ni kama kilomita 200. Kwa umbali huo na joto letu, samaki asiyetengenezwa hafiki.

Munyo unafanya nini? Unavuta maji kutoka ndani ya nyama, na maji yanayobaki unayashika, vijidudu vinakosa ya kunywa. Kanuni ya kawaida ya kutia munyo mwingi ni sehemu moja ya munyo kwa sehemu tatu za samaki. Kisha samaki anaanikwa. Maji yaliyo ndani yanapanda polepole juu ya ngozi yakibeba munyo, halafu jua linachukua maji na kuacha munyo. Unabaki weupe: chembe ngumu, kavu, zinazong'aa. Unaanzia mahali panapokauka haraka, ni kusema mapezi, mkia na kingo za nyama iliyopasuliwa. Hapo mama anasema kweli. Weupe ule ni alama kwamba munyo ulitosha na samaki alikauka. Ukimtupa samaki wa namna hiyo umetupa kazi nzuri ya mtu.

Lakini munyo una tabia moja ambayo jibu la sokoni linaisahau. Munyo wa jikoni unapenda maji. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, munyo unaanza kunywa hewa na kuyeyuka wenyewe. Kila mtu anajua bakuli la munyo linavyolowa mwezi wa kwanza. Kwa hiyo weupe wa munyo ni weupe wa wakati wa jua, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, wakati hewa ya Katanga inapasua hata midomo. Mvua zikiwa zimekaza, kati ya mwezi wa kumi na moja na wa tatu, samaki wa munyo anapaswa kuonekana amelowa, anateleza kidogo, na ule weupe unapungua. Kama hewa imelowa na weupe badala ya kupungua unaongezeka siku kwa siku, mimi siwezi kukubali neno "munyo" bila ushahidi. Kitu kinachokua wakati munyo unayeyuka ni kitu kinachoishi.

Wenzetu wengine watasema: kuvu haiwezi kuota juu ya munyo, ni sayansi. Ni sayansi nusu. Kuvu nyingi zinashindwa kweli na samaki aliyetiwa munyo sawasawa. Lakini si zote. Kuko kuvu ya rangi ya kahawia inayotia madoa kama unga wa kakao juu ya samaki wa munyo, inaitwa Wallemia. Kuko vijidudu vinavyotia rangi ya pinki, na vile vinakuja ndani ya munyo wenyewe, ule wa kukaushwa juani. Na kuko moja inayogusa mada yetu moja kwa moja. Miaka ya 1980, wataalamu wa Australia, Ailsa Hocking na John Pitt, walichunguza samaki wakavu wa Indonesia, nchi ya joto na ya unyevu. Walikuta mara nyingi kuvu ambayo waliipa jina Polypaecilum pisce. Rangi yake ni nyeupe, inatandaa kama unga juu ya samaki wa munyo. Ni kusema, kuko kuvu inayofanana na munyo na inayopenda munyo. Kwa macho matupu, toka upande wa pili wa meza, mama hawezi kuitofautisha. Profesa naye hawezi.

Hapo tunafika kwenye neno "ni". Mama anasema "ni", mhitimu anasema "ni", na hakuna aliyepima. Kupima ni rahisi, hakuhitaji maabara. Tia tone moja la maji safi juu ya ule weupe, ngoja dakika moja ao mbili. Munyo unayeyuka, ngozi inaonekana wazi chini ya tone. Kuvu haiyeyuki. Tone linakaa juu yake kama juu ya jani la lengalenga, ao nyuzi zinalala zikishikana, lakini zinabaki. Halafu washa tochi ya simu, utazame kwa karibu kwa kamera. Munyo una pembe na unametameta. Kuvu ni kama pamba ao manyoya mafupi, haimeti. Tatu, tazama mahali. Munyo unatoka panapokauka. Kuvu inaanza panapojificha unyevu: ndani ya tumbo, chini ya mashavu, kwenye mikunjo, pale samaki wawili waligusana katikati ya gunia. Nne, nusa. Munyo hauna harufu yake. Kuvu inanuka nyumba iliyofungwa muda mrefu.

Kuko onyo moja: vyote viwili vinaweza kuwa juu ya samaki mmoja, munyo mgongoni na kuvu tumboni. Kwa hiyo tone moja mgongoni halitoshi, fungua na tumbo.

Ubishi huu si wa masikini wa Katanga peke yao. Matajiri nao wanao. Wapenzi wa sigara kubwa za majani, zile za Kuba zinazouzwa ghali na kutunzwa miaka katika masanduku ya mbao, wanakuta unga mweupe juu ya sigara zilizozeeka. Kwa muda mrefu wengi wao wameuita ua la tumbaku: wanasema ni mafuta ya jani yaliyotoka na kuganda, alama ya sigara iliyokomaa vizuri. Wengine wanasema ni kuvu tu. Tazameni hesabu yake. Masanduku yale yanatunzwa kwenye unyevu wa karibu asilimia 70, unyevu ukipanda kidogo kuvu inaota. Na pale unga ule ulipotazamwa kwa hadubini, kilichoonekana ni nyuzi za kuvu. Hata hivyo hadithi ya ua haikufa. Mtu aliyelipa pesa nyingi hataki kusikia kwamba sanduku lake limeota.

Upande mwingine, tusikimbilie kusema kila ua ni uongo. Vanila inayolimwa Ituri, Kivu ya Kaskazini na Uganda, ikitengenezwa vizuri na kutunzwa, inaweza kutoa sindano nyeupe nyembamba juu ya ngozi yake. Wafaransa wanaziita givre, kama umande ulioganda kwa baridi. Ni vanilini yenyewe, ile inayotia harufu, na wanunuzi wanaitafuta. Lakini vanila iliyofungwa ingali na unyevu inaota kuvu nyeupe, na hiyo inaharibu mali. Mnunuzi mwenye akili hauulizi weupe rangi yake. Anatazama kama ni sindano zinazometa ao ni pamba. Ni jaribio lile lile la bitoyo.

Kwa hiyo duniani kuko weupe wa sifa na weupe wa hasara, na mara nyingi anayeamua jina ni yule mwenye mali ya kuuza ao aliyekwisha kuinunua. Simlaumu. Nasema tu kwamba jina haliwezi kuwa kipimo.

Sasa neno la tatu, "tu". Kwangu hili ndilo neno baya zaidi katika sentensi yote. "Munyo" linaweza kuwa kweli. "Tu" linafunga mazungumzo. Na likishazoeleka kwenye samaki wa munyo, linahama. Utalisikia kwenye samaki wa moshi, ambaye hakutiwa munyo wa kutosha ao hakutiwa kabisa: "Ni vumbi tu." Utalisikia kwenye mihogo mikavu: "Ni unga tu." Utalisikia kwenye karanga na mahindi: "Ni unyevu tu, anika kidogo." Kwenye samaki wa munyo, "tu" lilikuwa na msingi fulani. Kwenye mahindi na karanga halina hata kidogo.

Sababu yake ni aflatoksini, sumu inayotolewa na kuvu kama Aspergillus flavus. Kuvu hiyo ikiwa changa ni nyeupe, baadaye ndipo inageuka ya kijani na manjano. Kwa hiyo ule usemi wa nyumbani kwamba nyeupe haina neno, ya kijani ndiyo mbaya, unamsifu mtoto wa nyoka sababu hajakua. Tena sumu yenyewe haina rangi wala harufu ya kukuonya. Ukipangusa kuvu, ukaanika upya, ukapaka mafuta kidogo mali ing'ae, umeondoa ushahidi na kuacha sumu ndani. Na kupika hakuokoi. Aflatoksini inavumilia joto linalopita digrii 200, na hapa Lubumbashi, kwenye mita karibu 1,200 juu ya bahari, maji yanachemka hata mbele ya kufika digrii 100.

Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu walikula mahindi waliyoyahifadhi nyumbani yakiwa na unyevu. Waliougua walikuwa 317, wakafa 125. Karibu na sisi zaidi, mwezi wa nane 2024, ng'ambo ya mpaka, Zambia ilitangaza kwamba unga wa mahindi wa kampuni 10 za kusaga ulikutwa na aflatoksini nyingi, baada ya mbwa mamia kufa. Zambia ni jirani ambaye unga wake tunaujua vizuri kwenye sahani zetu.

Hapo anasimama mzee mmoja na kusema: "Tangu zamani tunakulaka hivi, na hatuyakufa." Ni hoja yenye nguvu, tuiheshimu kwa kuijibu. Kifo cha haraka kama kile cha Makueni ni nadra. Kazi ya kila siku ya aflatoksini ni ya polepole. Inachosha ini mwaka kwa mwaka, na shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, IARC, limeiweka katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kwa hakika kuleta kansa kwa binadamu. Kwa mtu mwenye hepatiti B hatari inazidi sana. Mtu anakufa na ini lililoharibika akiwa na miaka 45, na hakuna anayekumbuka karanga alizokula akiwa na 20. Kwa hiyo wale wanaosema "hatuyakufa" ni wale waliobaki kusema.

Lakini sitaki uchambuzi huu uishie kumpiga mama muuzaji. Hapo ndipo jibu letu la wahitimu linakosea zaidi. "Tupa yote" ni ushauri wa mtu asiyekuwa na gunia. Mama amekopa, amelipa samaki, amelipa lori, amelipa vizuizi vya njiani, na turubai ikapasuka mvua ikiingia. Ukimwambia atupe, umemwambia asilipe deni na mtoto asirudi shule. Atakusikiliza kwa heshima, kisha atapangusa samaki na kuuza. Wewe ungefanya nini? Ushauri ambao masikini hawezi kuufuata unafaa kwa yule aliyeutoa tu, sababu unamwacha ajisikie safi.

Na tuseme wazi: tukiita munyo kuvu, tunaumiza pia. Mama aliyetia munyo wa kutosha na kukausha siku zote zinazohitajika ametumia pesa na muda. Samaki wake ni mwepesi na ana weupe wa munyo. Jirani yake alipunguza munyo na kuharakisha. Samaki wake ni mzito, laini, anang'aa, hana weupe wowote siku ya kwanza. Sisi wateja tunamchagua nani? Tunachagua yule mnene anayeng'aa, kisha tunalia wiki ya pili anapoota. Mahali mali inapouzwa kwa uzito, maji nayo yanauzwa. Kwa hofu yetu isiyopima tunamwadhibu aliyefanya kazi vizuri na kumlipa aliyepunja. Kosa hilo ni letu, si la mama.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo, na linaanzia kwa mnunuzi. Kwanza, nunua ukavu. Pinda samaki, bonyeza nyama nene ya mgongo. Kama ni gumu na kavu, mlipe mama bei yake bila kuvutana sana, sababu ukavu ule uliugharimia munyo na siku za jua. Pili, omba maji. Tone moja, mbele ya mama, bila matusi. Kama ni munyo, mama ameshinda mbele ya wateja wote na jina lake linapanda. Kama si munyo, mmejua wote wawili. Tatu, wakati wa mvua nunua kidogo kidogo, usiweke gunia nyumbani.

Kwa upande wa wauzaji, mambo yanayosaidia hayahitaji mashine. Samaki wa moto ao wa moshi apoe kabisa mbele ya kufungwa, sababu akifungwa na joto anatoa jasho ndani ya gunia. Gunia likae juu ya mbao, lisiguse sima wala ukuta. Samaki mwenye doa atengwe siku ile ile asiambukize wenzake. Gunia lililolowa lifunguliwe siku linapofika mjini, si wiki ya pili. Na kikundi cha ba mama kinachochanga kila wiki, maana likelemba tunalijua wote, kinaweza kuweka fungu dogo la hasara, ili yule ambaye mvua imemharibia samaki kumi asilazimike kuwauza.

Na sisi wenye diploma? Kuko kati yetu wanakemia, wauguzi, wakulima, walimu. Maabara za mji huu zimezoea kupima shaba na kobalti kwa makini sana, kila gramu ina bei yake. Chakula cha watu wanaochimba ile shaba hakipimwi kwa makini hayo. Kama wanakemia wetu wanataka kazi ya maana ya mwisho wa masomo, wachukue sampuli kwenye masoko yetu, wakati wa jua na wakati wa mvua, wapime unyevu, munyo na kuvu, halafu wawarudishie ba mama majibu kwa Kiswahili cha soko, si kwa kurasa 80 zinazolala kabatini.

Mpaka siku hiyo, naomba tubadilishe sentensi. Mteja akiuliza juu ya weupe, jibu zuri si "ni munyo tu", na jibu letu si "ni kuvu, tupa". Jibu zuri ni: "Leta maji, tutazame." Nalo ni la maneno matatu, na mama na mteja wanaweza kulisema pamoja.